Picha Kumi na Moja

Baba alituachia kamera yenye filamu ndani,
kidirisha chake kimesimama kwenye ishirini na tano.
Zimebaki kumi na moja, alisema Coralie,
akihesabu kwa vidole kama mtu asiye na nauli ya kurudia.
Tukapakia maji, matairi mawili, mkebe wa biskuti,
tukaiacha lami Laverton, alfajiri,
na barabara ikawa nyekundu
mpaka ndani ya meno.

Ya kwanza ilipotea hata kabla ya chai.
Gari liliruka tuta, kidole changu kikabonyeza:
mguu wa Coralie juu ya dashibodi,
soksi imetoboka.
Alinitukana kwa Kijerumani cha bibi yetu,
lugha tuliyorithi matusi yake tu.

Ya pili, jokofu lililotupwa nyikani,
mlango wazi, mjusi kwenye rafu ya mayai.
Ya tatu tulilingoja lori lenye matrela manne.
Likaja, likapita.
Tulipiga picha ya vumbi.

Baada ya hapo, ubahili.
Emu watano walivuka wakiinua magoti: subiri.
Kasuku wa kijivu, vifua vya waridi,
wakaujaza mkaratusi uliokufa
hata ukajidhania umechanua: subiri.
Siku mbili nzima, subiri,
na jangwa halikutusubiri.

Macho hayana pazia, wanasema watu.
Kamera inalo,
kijitambaa cheusi kinachofunguka na kufungwa
kabla hujamaliza kupepesa,
na nyuma yake ndiko baba alikoishi
zaidi ya alivyoishi sebuleni.

Kwenye kituo cha mafuta, ambako petroli ni ghali kuliko mvinyo,
mama mmoja, Nangala, aliketi kivulini mwa tangi.
Nikakielekezea lenzi kilima kilicho nyuma yake.
"Hicho hapana," akasema, sauti ileile ya salamu,
kama amzuiaye mtoto asimkanyage mtu aliyelala.
Nikashusha kamera. Sikuuliza.
Nzi wakaendelea na kazi yao.
"Lakini mbwa wangu," akasema,
"hajapigwa picha tangu azaliwe."

Mbwa alikuwa na sikio moja na madaha ya bwana harusi.
Nangala akamweka sawa hilo sikio,
akasogea kando ili kivuli chake kisimguse.
Tukapiga moja. Tukapiga nyingine.
Ya tatu Coralie aliipiga mwenyewe, amepiga magoti mavumbini,
na neno subiri halikumtoka.
Nangala akatuandikia anwani nyuma ya pakiti ya sigara:
"Zikitoka, tuma.
Zisipotoka, tuma barua useme hazikutoka."

Zilizosalia tulizitapanya kama mshahara.
Ngamia mwitu, mbali mno, vijidoa.
Pancha, na mgongo wa Coralie uliovaa nzi.
Ziwa la chumvi saa sita mchana, weupe juu ya weupe.
Usiku, nyota, ingawa tulijua haitaona kitu.
Ya mwisho tuliigombania hadi jua likazama,
basi ni picha ya ugomvi, gizani.

Adelaide, mzee Lazarou alizitoa kwenye dawa,
akazitandika mezani bila kututazama.
"Filamu ni kama maziwa," alisema.
"Hii imekaa miaka sita."
Ishirini na nne za baba zilikuwa ukungu,
ukungu wa waridi, kama ndani ya kope.
Moja tu ilishika:
kiatu chake, kamba imelegea,
na ukingo wa kidole kilichoteleza.

Coralie akaisogeza karibu na ile ya soksi.
Akazisawazisha kwa kucha.
Mzee Lazarou akaenda kuchemsha maji
ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mbwa alitoka vizuri.
Tulituma zote tatu.